Mvua Ikikatika, Arudi Wapi?

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuna nyumba isiyolijua neno hilo, na wengi wetu tumelitumia, ama kwa kucheka ama kwa kununa, mgeni alipokaa kupita kiasi. Ni neno la haki. Mwenye nyumba naye ana watoto, ana ghala lenye kikomo. Na mgeni mwenye nguvu za mikono hana sababu ya kula jasho la mwenziwe mwezi mzima. Lakini lichunguzeni vema, wasomaji wapenzi. Waliolitunga walikuwa na mambo mawili moyoni wasiyoyataja: kwamba mgeni huyo ana kwao, na kwamba lipo shamba la kulimia. Mgeni wa methali alikuja kwa hiari yake, na njia ya kurudi i wazi nyuma yake. Je, yule aliyekuja mbio usiku, ambaye kwao hakupo tena? Au yule ambaye kwao ndiko alikokimbia? Huyo naye tumhesabie siku?

Swali hili si la kujifurahisha kwa mabishano. Tarehe 3 Desemba 2023, ambayo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, mvua ilishusha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang hata mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Waliosalia walipewa hifadhi katika majengo ya shule. Nchi nzima iliguswa. Magari yalipeleka unga, mablanketi, magodoro na nguo, na hakuna aliyeuliza wale watu ni wa kabila gani wala dini gani. Mwaka uliofuata mvua za El Nino zilifurika mahali pengi, Rufiji na Kibiti zikawa kama ziwa, na mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa na watu wapatao 200,000 wamepatwa na madhara. Hapo pia mikono haikukosekana. Tusijidharau katika jambo hili: watu wetu, wakisikia kilio, hutoka.

Ugumu huja baadaye. Nyumba 109 zilizojengwa kwa ajili ya watu wa Hanang, baadhi yake kwa msaada wa Msalaba Mwekundu, zilikabidhiwa Desemba 2024. Ni kazi ya kusifiwa, na wapo waliofikwa na maafa katika nchi hii ambao hawakuona hata nusu yake. Lakini hesabuni: kati ya godoro la siku ya kwanza na ufunguo wa mlango umepita mwaka mzima. Katika mwaka huo magari ya msaada yalikwisha kurudi yalikotoka, magazeti, na hili letu likiwamo, yalikwisha kuandika habari nyingine, na shule zilikuwa zimefunguliwa Januari kwa wanafunzi wenye haki nazo. Mtu aliyepoteza nyumba Desemba alikuwa bado hana nyumba Juni. Kilichopungua ni huruma yetu, siyo shida yake.

Au tukumbuke Dar es Salaam, Desemba 2011. Mvua iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 1954 ilijaza bonde la Msimbazi, watu zaidi ya 40 wakafa, na wakazi wa Jangwani na mabonde mengine wakahamishiwa Mabwepande, wakapewa viwanja na mahema. Baada ya muda baadhi yao walirudi bondeni. Jinsi tulivyowacheka! Wamepewa ardhi, wanarudi majini kama vyura. Wachache waliuliza kama huko Mabwepande palikuwa na kibarua, kama muuza samaki angeweza kulifikia soko alfajiri na kurudi bila nauli kula faida yote. Waliopewa ardhi hawakupewa maisha ya kuishi juu yake. Kwa maneno mengine, walikabidhiwa jembe pasipo shamba, kisha wakalaumiwa kwa kutolima.

Lakini mimi siwezi kuwanyoshea wengine kidole. Katika mwaka wangu wa kwanza wa upadre, katika parokia ambayo sitaitaja, upepo wenye mvua ya mawe uliezua nyumba za familia saba usiku mmoja. Tuliwafungulia ukumbi. Wamama wa jumuiya walipika uji, vijana walileta mikeka, nami nilijiona mchungaji kwelikweli. Siku ya tisa ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi palikuwa na arusi ambayo ukumbi ule ulikuwa umekwisha kulipiwa. Nilimwendea mzee mmoja, mkubwa wao, nikamwambia kwa adabu nyingi, “Mzee wangu, naona sasa mvua imekatika.” Akatazama juu, akasema, “Ni kweli, Padre, imekatika.” Akakunja mkeka wake. Sikumwuliza anakwenda wapi. Nilijua kwamba nikimwuliza nitapata jibu, na jibu hilo lingenidai kitu. Baadaye nikasikia kwamba walilala juma mbili chini ya ghala la jirani pamoja na mbuzi. Arusi ilifana sana.

Nimekuwa nikiikumbuka siku hiyo kila nisomapo habari za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, na sasa nataka niwapeleke wasomaji huko. Huko Desemba huleta hatari ambayo haitoki mawinguni, na wanaokimbia si familia saba zilizoezuliwa paa. Ni mabinti, wenye miaka kumi, kumi na miwili, kumi na mitano, wanaotoka katika nyumba ambazo paa lake ni zima kabisa.

Mambo yenyewe yanajulikana. Miongoni mwa Wakurya, na baadhi ya jamaa zao walio jirani, binti huhesabiwa kuwa mwanamke kwa kukeketwa. Asiyekeketwa huitwa msagane, na jina hilo ni tusi la kumfuata hata akiwa na watoto. Wazee wa mila wa kila ukoo, ambao baraza lao huitwa inchama, ndio watangazao majira. Na kwa desturi huwa miaka ya shufwa, mwezi wa Novemba na wa Desemba, shule zikiwa zimefungwa na mvua za vuli zikinyesha. Akiisha kukeketwa binti huweza kuozwa, na akiozwa ng’ombe huingia zizini. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikataza jambo hilo kwa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka mitano hadi kumi na mitano. Hata hivyo upimaji wa Serikali wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba mkoani Mara wanawake 32 katika kila 100, wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Na ule wa mwaka 2022 ulionyesha 28. Panapungua, lakini polepole, na kila nukta ya hesabu hiyo ni mtoto aliyelia.

Basi wapo wanaokimbia. Wengine wamesikia habari shuleni, wengine kanisani, wengine wamemwona dada yao akitokwa damu. Hutoka usiku, mara nyingi katika mvua, kwa njia za vichakani wanakopita fisi, bila viatu, wakiogopa zaidi walio nyuma kuliko walio mbele. Nao wamefanyiwa mahali pa kukimbilia. Kiko kituo cha Masanga, Tarime, kilichoasisiwa na watawa wa Kanisa letu, ambacho katika majira ya Desemba hupokea mabinti kwa mamia na kuwafundisha utu uzima usiohitaji kisu. Iko nyumba salama ya Mugumu, wilaya ya Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Kianglikana ya Mara, ambako jina la mama Rhobi Samwelly limejulikana hata nje ya nchi. Yeye mwenyewe alikeketwa akiwa mtoto, nusura afe kwa kuvuja damu. Mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, linaloendesha kazi hiyo Mugumu na Butiama. Ipo pia habari moja iliyonishangaza. Vijiji vingi vya huko havikuwa katika ramani yoyote yenye manufaa. Polisi wakipigiwa simu usiku kwamba mtoto yuko hatarini, hawakujua njia ya kwenda. Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea wa nchi nyingi, katika kazi iitwayo Crowd2Map, wamekuwa wakichora njia na nyumba za vijiji hivyo kutokana na picha zilizopigwa kutoka angani, ili anayeitwa apate kufika. Wengi wao hawajapata kukanyaga Serengeti.

Sasa ndipo swali letu linaposimama wima. Januari inafika. Majira ya kukeketa yamepita, visu vimefichwa, mvua imekatika. Je, huyu mtoto arudi kwao?

Najua jinsi jamaa nyingi za Kikatoliki zinavyojisikia hapo, maana barua zao hutufikia. Mtoto ni wa wazazi wake. Amri ya Mungu yamwagiza awaheshimu. Nani awezaye kumzuia baba asimchukue binti yake nyumbani, na kwa mamlaka gani? Na je, hatuwafundishi watoto kutoroka? Hofu hizi si za kipumbavu, na sipendi wale wanaozicheka. Jamaa ni kitu kitakatifu. Anayeingilia kati ya baba na mtoto yampasa aingie kwa hofu, kama mtu anayeingia nyumba ya mwenzake akiwa amevua viatu.

Lakini mamlaka ya baba yatoka wapi? Hakujipa mwenyewe, wala ukoo haukumpa. Amepewa kwa ajili ya mema ya mtoto, kama mtu aliyekabidhiwa amana: atailinda, ataitunza, siku moja atatoa hesabu yake, lakini haruhusiwi kuikata wala kuiuza. Siku anapoipeleka amana hiyo penye kisu, amevuka mpaka wa mamlaka yake. Na mlango unaofungwa mbele yake siku hiyo haumnyang’anyi ubaba, unamzuia asiutupe. Tena tuwe waadilifu kwa baba huyo. Wapo wasiotaka kabisa jambo hili, bali wanaogopa: wanaogopa laana ya wazee, wanaogopa kutengwa, wanaogopa kwamba binti hataposwa naye mama yake atazomewa kisimani. Baba wa namna hiyo naye yu katika gharika, ila yeye hana nyumba salama ya kukimbilia. Padre anayehubiri dhidi yake Jumapili na asimtembelee Jumatatu amefanya kazi rahisi.

Na hapo ndipo wenye nyumba hizi wanapotufundisha sisi wa magodoro na unga. Hawamrudishi mtoto kwa sababu kalenda imegeuka. Huenda kwa wazazi kwanza, pamoja na ofisa wa ustawi wa jamii na polisi; husema nao, mara moja, mara mbili, mara nyingi kama inavyohitajika; wazazi wakikubali, hutia sahihi ahadi ya kutomkeketa wala kumdhuru; kisha mtoto akiisha kurudi wapo wa kijijini wanaomwangalia na kutoa habari. Wengi hurudi kwao kwa njia hiyo, na tunamshukuru Mungu. Wengine hawawezi kurudi mwaka huo, wala mwaka ujao. Hao hubaki, nao husomeshwa.

Kwa hiyo kipimo chao siyo siku zilizopita. Wanauliza kama hatari imeondoka huko aendako, na wanakwenda wenyewe kutazama. Nami naona kipimo hicho ndicho cha haki kwa kila tunayempa hifadhi, awe amefukuzwa na maji, na upepo, au na mila. Seminari kuu walimu wetu walitufundisha kutofautisha hisani na haki, na kwa miaka mingi nilidhani ni kazi ya kujibu mtihani tu. Sasa naiona maana yake. Hisani tukiiacha peke yake humtazama mtoaji: amechoka au hajachoka, anacho au hana. Haki humtazama mdai: amelipwa au hajalipwa. Usiku wa mvua tunampokea mtu kwa huruma, na hilo ni jema; lakini tukiisha kumpokea amekuwa mikononi mwetu, na toka saa ile hatuwezi tena kumfanya kana kwamba hatukumwona. Kumtoa ukijua anarudi penye mauti ni jambo zito kuliko kutomfungulia, kwa sababu asiyemfungulia pengine hakujua.

Mtaniambia, je, mwenye nyumba afe njaa? La. Shule ya Katesh ni ya wanafunzi. Ukumbi wa parokia una kazi zake. Masanga na Mugumu hawana vitanda visivyo na mwisho, na katika majira ya shufwa watoto huwa wengi kuliko nafasi. Mlango wowote una kikomo, na anayesema hauna hajapata kuwa na funguo. Nilipowaondoa wale watu kosa langu halikuwa kuutaka ukumbi. Arusi ile nayo ilikuwa ya haki. Kosa langu ni kwamba siku ya pili, ya tatu, ya nne, hadi ya nane, nilitembea katikati yao nikiwasalimu, wala sikuuliza habari ya siku ya kumi. Miti ya kuezekea ilikuwapo msituni. Vijana walikuwapo. Familia saba katika parokia ya jamaa mia kadhaa zingaliweza kugawanywa nyumba kwa nyumba hata mapaa yakarudi. Sikuwaomba waamini, kwa sababu nilidhani ukumbi umekwisha kutosha. Wengi hukumbuka mafuta na divai ya yule Msamaria wa Injili. Lakini aliacha pia fedha kwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Naye mwenye nyumba, ambaye sijapata kusikia hotuba hata moja juu yake, alibaki na mgonjwa baada ya mfadhili kupanda punda na kwenda zake.

Nawaandikia jamaa za Mwanza, za Dar es Salaam, za Arusha, za Dodoma, na hasa ninyi mliotoka Tarime na Serengeti mkahamia mijini. Desemba mnakwenda nyumbani kwa Noeli. Mnafahamu ni mwaka gani, mnafahamu ukoo gani umetangaza, na katika boma la kaka au shemeji yenu mnawafahamu mabinti kwa majina. Msafiri mmoja aliye mjomba au shangazi, mwenye heshima yake na gunia lake la sukari, husikilizwa na baba wa mtoto pale ambapo ofisa wa Serikali hufukuzwa kwa maneno matamu. Mwaweza kusema naye kabla ya wazee kupita. Mwaweza kusema, huyu nitakaa naye mimi, atasoma kwangu. Na mkimchukua, mchukueni kama mwana, si kama mtumishi wa kuosha vyombo, maana hilo nalo tumeliona, na mtoto aliyeokolewa kisu akafanywa kijakazi amehamishwa shimo tu. Kila binti mnayemchukua hivyo ni kitanda kimoja kilichoachwa wazi Masanga kwa yule asiye na mjomba.

Nanyi msiotoka huko, zipo nyumba za majirani zenu katika kila wilaya ambazo masika yajayo zitaingiwa na maji. Halmashauri za parokia zaweza kukaa mwezi wa Februari, jua likiwaka, zikaandika: ukumbi utawapokea wangapi, kwa siku ngapi, na baada ya hapo nani atampokea nani. Ni kazi isiyo na sifa. Hakuna atakayepiga picha ya orodha ya majina.

Huko Mugumu na Masanga, juma la pili la Januari ni la hesabu nyingine. Wazazi wengine wamefika langoni, wamekaa chini ya mti, wanasubiri kusema. Binti huulizwa kama yu tayari kwenda nao, na jibu lake husikilizwa. Wengine hakuna aliyewajia. Kwa hao hutafutwa sare, madaftari na ada ya bweni, na aliyekwisha kupita umri wa shule huketishwa mbele ya cherehani, akafundishwa kukata kitambaa.